Oili Ikiwa Nyeusi

Jumatatu, 3 Machi

Malori manne asubuhi. Moja filta, moja springi, moja taa za nyuma. Lori la tatu lilikuwa limefikisha kilomita zake, tukalibadilishia oili. Mzee Mwakio, fundi mkuu, alilala chini akafungua boli ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mimi nikashika beseni, halafu faneli. Tone moja likaangukia mkanda wa injini. Akaniita mkono wa kuosha. Madereva wakacheka.

Leo nimetimiza miaka kumi na moja katika yadi hii. Hakuna aliyekumbuka. Mimi mwenyewe nilikumbuka nikiwa na faneli mkononi.

Mkono wa kuosha. Hilo neno silo la leo. Miaka minne iliyopita marehemu mwenye yadi alitaka kunipeleka Mombasa nikafanye mtihani wa ufundi. Mzee Mwakio akamwambia asipoteze nauli, huyu ni mkono wa kuosha tu, si fundi. Nilikuwa nyuma ya mlango wa stoo. Nilisikia kila kitu. Na mume wangu aliponiacha, Mzee Mwakio aliwauliza madereva ni mwanamume gani atalala na harufu ya dizeli.

Sijasahau hata moja. Nimeyaweka.

Jumatano, 5 Machi

Mwende anazunguka yadi na daftari. Ni binti wa marehemu. Alimzika baba yake Januari, akaacha kazi ya ofisi Nairobi, akaja Voi kushika malori. Si mtu mbaya. Anasalimu kila mtu. Anajua gari moja tu, lile lake dogo la petroli, na analijua vizuri.

Leo alimuuliza Mzee Mwakio kwa nini lori la pili linatoa moshi likiwashwa. Mzee akamjibu kwamba hata yeye akiamka asubuhi anakohoa. Watu wakacheka. Mwende hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari.

Mzee hakuona. Mimi niliona.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Saa nne lori la tatu lilirudi kutoka Taveta. Lile la Jumatatu. Mwende alikuwa amesimama hapo. Akamwambia dereva afungue, akachomoa mwenyewe dipstiki, kijiti cha kupimia oili, akaipangusa kwa tishu. Tishu ikawa nyeusi tititi.

Akamwita Mzee Mwakio. Akamuuliza kama oili hii ilibadilishwa Jumatatu kama alivyoandikiwa. Mzee akasema ndiyo. Akamuuliza mbona ni nyeusi kama lami, wakati gari lake yeye oili hukaa miezi na bado unaona mwanga ndani yake.

Mzee alieleza. Alieleza vibaya, kama anavyoeleza kila kitu, kana kwamba anayemuuliza ni mjinga. Alisema dizeli si petroli. Dizeli inatoa masizi, na kazi ya oili ni kuyabeba hayo masizi yasigande kwenye chuma. Ukimwaga oili mpya, siku hiyo hiyo inaanza kuwa nyeusi. Kesho yake ni nyeusi kabisa. Alisema rangi haimwambii mtu kitu. Unahesabu kilomita. Unaisugua kwa vidole usikie kama ina chenga. Unainusa. Unaangalia kama imezidi alama au imepungua, kama imekuwa maji maji, kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hizo ndizo za kuogopa.

Yote ni kweli. Yote nayajua kwa sababu alinifundisha yeye. Mwaka wangu wa kwanza nilimkimbilia nikimwambia oili tuliyoweka jana imeoza. Alinishika vidole akavitia kwenye oili, akavisugua, akaniuliza nasikia nini. Nikasema nasikia laini. Akasema basi nyamaza.

Mwende alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akanigeukia mimi. Akaniuliza:

"Mghoi, oili mpya ina rangi gani?"

Nilijua anachouliza. Nilijua pia ninachotakiwa kujibu. Ilikuwa ni sentensi moja tu. Ningesema tu, mimi ndiye niliyeshika faneli.

Nikasema:

"Oili mpya ni kama asali, madam."

Sikudanganya. Kila neno lilikuwa kweli.

Mzee Mwakio aliniangalia. Alingoja. Nikachukua spana nikaanza kuipangusa, na ilikuwa safi.

Mwende akasema oili iliuzwa, ya zamani ikaachwa ndani. Akaagiza mkoba wa Mzee ufunguliwe mbele ya watu wote. Dereva mmoja aliumwaga juu ya pipa. Ulikuwa na miwani iliyofungwa mkono kwa waya, dawa za presha, na gazeti la wiki iliyopita. Hakuna oili. Mwende akasema mwizi mzuri habebi alichoiba kwenye mkoba. Akamfukuza hapo hapo.

Madereva walicheka tena. Sasa walikuwa wanamcheka yeye. Aliwatisha miaka yote, wakapata nafasi.

Alikusanya vitu vyake kimoja kimoja. Miwani ilimwangukia. Hakuna aliyeinama, hata mimi. Alitoka kwa mguu kuelekea barabarani, jua la saa tano, bila kofia.

Nilifurahi. Acha niandike hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekuwa fundi mkuu. Mwende amenipa funguo za stoo. Madereva wananiita fundi. Jana nilikuwa Mghoi.

Chakula cha mchana nilikula nimekaa kwenye kiti cha Mzee. Mguu mmoja ni mfupi, kinayumba. Sikujua.

Jumapili, 16 Machi

Mwandoe amenieleza habari za Mzee baada ya ibada. Mwandoe ni taniboi wa lori la nne, msaidizi wa dereva, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, watoto wanne. Tunakaa ploti jirani hapa Kaloleni. Mzee Mwakio amehama chumba chake, amerudi kwao Marungu. Alikuwa mzee wa kanisa kule. Habari ya wizi ilifika kabla yake. Wamemwomba apumzike kwanza. Mkewe hatoki kwenda kisimani mpaka wengine wametoka.

Mwandoe aliniuliza kama kweli Mzee aliiba. Nikasema mimi si mahakama.

Akasema yeye haamini. Akasema Mzee alikuwa na mdomo mbaya lakini mkono safi. Mwandoe ni mtu wa namna hiyo. Anamwonea huruma kila mtu. Inachosha.

Jumanne, 25 Machi

Nimepata nilichokitaka na sasa kinanikaba.

Mwende ametoa amri. Oili ikiwa nyeusi, imwagwe. Kila asubuhi anataka kuona dipstiki za malori yote manne. Wiki mbili hizi nimemwaga oili ambayo ingetembea mwezi na zaidi. Nimeweka mpya. Kesho yake nyeusi. Nimemwaga tena. Mapipa ya oili nzuri kabisa yamesimama nyuma ya choo kama watu wanaongoja kuhukumiwa.

Leo aliniita ofisini akaniuliza oili inaenda wapi. Aliuliza kwa sauti ile ile aliyomuulizia Mzee. Akasema anatumaini hakutoa mwizi mmoja akaweka mwingine.

Ningemweleza hapo. Ningesema dizeli ni dizeli, oili yake inakuwa nyeusi, ndivyo Mungu alivyoiumba. Lakini angeniuliza mbona sikusema siku ile.

Nikasema nitaangalia, madam.

Jumatano, 26 Machi

Nimepata njia.

Saa moja kasoro, kabla hajafika, nachomoa dipstiki zote nne. Nazipangusa. Nina mkebe wa oili mpya kwenye stoo. Nachovya. Nazipanga kwenye kitambaa cheupe mlangoni mwa ofisi yake, kila moja na namba ya lori lake. Akifika anakuta vijiti vinne vinang'aa.

Leo aliviangalia akatabasamu. Akasema unaona, inawezekana.

Ijumaa, 11 Aprili

Vijiti vinne. Safi.

Mwende amewaambia madereva wafuate mfano wangu wa usafi. Mmoja alinikonyeza. Wanajua? Sidhani. Dereva anajua usukani na hoteli.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimegundua siangalii tena alama. Nachomoa, napangusa haraka, nachovya. Zamani nilisoma kila kijiti kama barua. Oili iko wapi, imepanda, imeshuka. Sasa nakimbizana na saa. Mwende siku hizi anafika mapema.

Kesho ni Ijumaa Kuu. Yadi imefungwa. Nitalala.

Jumanne, 29 Aprili

Lori la nne. Nilichomoa dipstiki jioni ili kujipunguzia kazi ya asubuhi. Kabla sijapangusa, harufu ikanipiga puani. Dizeli. Si ile ya nguo zetu. Ilitoka kwenye kijiti chenyewe. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama, vidole viwili karibu. Niliisugua. Nyepesi kama maji ya sukari.

Najua hiyo ni nini. Noseli moja, ile inayopuliza dizeli kwenye injini, inavuja, dizeli inashuka kwenye sampu, oili inapoteza nguvu. Beringi zinakaa uchi. Lori kama hilo halitoki getini. Unalifungua.

Lakini kulifungua ni kumwambia Mwende. Mwende atauliza mbona kijiti cha asubuhi kilikuwa kizuri. Atataka kuona kijiti. Kisha atataka kuona mkebe.

Kesho linapeleka saruji Wundanyi. Safari moja. Likirudi nitalishughulikia kimya kimya, nitasema ni filta.

Limetembea hivi siku ngapi? Sijui. Nani angejua, wakati mimi ndiye wa kujua.

Jumatano, 30 Aprili

Injini ilinoki ikafa kwenye kona za juu, karibu kufika Wundanyi.

Dereva amesimulia. Wamejaza saruji, mlima mkali, gia ya kwanza. Taa ya oili ikawaka. Kabla hajapata mahali pa kusimama injini ikagonga mara tatu, ikakamata. Akakanyaga breki. Zikashika. Halafu lori likaanza kurudi nyuma kidogo kidogo na uzito wote ule. Nyuma kulikuwa na watoto wa shule wanapanda barabara. Mwandoe akaruka na kigingi cha mti akakiweka nyuma ya tairi. Kikashika, kikateleza. Akakirudishia kwa mguu.

Lori lilisimama. Lilisimama juu ya mguu wake.

Watoto hawakuguswa.

Dereva anasema Mwandoe hakupiga kelele. Alikuwa anawaambia watu wasimvute, walete jeki kwanza.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nilikuwa hospitali kutwa. Wameukata chini ya goti.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na kiatu kimoja kwenye mfuko wa plastiki. Ni kizima, hakina hata mkwaruzo. Walimpa tu, akakichukua. Aliponiona alisimama akanikumbatia. Alinishukuru kwa kuja.



Ijumaa, 2 Mei

Lori limevutwa mpaka yadi. Nilifungua sampu mbele ya watu wote. Oili ilimwagika kama uji mwepesi, nyeusi, na ndani yake vipande vya beringi vinang'aa kama magamba ya samaki.

Mwende aliangalia kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa mekundu. Analia kweli, huyu mwanamke, kwa ajili ya Mwandoe. Halafu akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Hii ni kazi ya Mwakio. Miaka yote hiyo aliipa oili mbovu. Aliiua polepole, na leo imekula mtu."

Madereva wakaitikia. Mmoja alisema mzee yule afuatwe huko huko Marungu. Mwingine alisema afungwe. Dereva wa lori lenyewe alitema mate.

Walinigeukia mimi, fundi mkuu. Nilikuwa na kipande cha beringi kwenye kiganja.

Sikusema kitu. Mara ya pili. Safari hii wala sikufurahi. Niliogopa tu, na woga ulitosha.

Jumapili, 4 Mei

Nilikwenda Marungu.

Sijui nilikwenda kwa nini. Labda nilitaka anipige. Nilishuka lami nikatembea saa nzima kwenye vumbi jekundu. Ndovu walikuwa wamepita shambani kwake juzi. Mahindi yamelala. Mzee Mwakio alikuwa anakata miiba na kuipanga upya kuziba ua. Amekonda. Mikono imechanika na miiba, lakini kucha ni safi. Sijawahi kuona kucha zake zikiwa safi.

Alinisalimu kwa Kidawida, lugha ya kwetu, salamu kamili, kama mgeni. Mkewe akaniletea maji kwenye kikombe. Aliweka kikombe chini karibu na mimi, hakunipa mkononi. Akaenda zake.

Nilimweleza habari za Mwandoe. Alikuwa ameshasikia. Aliendelea kupanga miiba. Halafu akaanza kuuliza kama alivyokuwa akiuliza yadini, bila kuniangalia. Lori lipi. La nne. Oili ilipanda? Ilipanda. Nyepesi? Nyepesi. Akasema noseli. Nikasema ndiyo, noseli.

Akasimama, panga mkononi.

"Uliinusa?"

Nikasema niliinusa, jioni yake.

Mbuzi walikuwa wanalia upande wa pili. Nikamweleza vile vijiti, mkebe, kitambaa cheupe. Nikamweleza ya Ijumaa, kwamba Mwende amesema yeye ndiye aliyeua injini, na kwamba nilinyamaza. Niliposema hilo nilianza kulia. Aliningoja nimalize kulia, kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke.

Akasema siku ile ya kwanza hakumshangaa Mwende. Mwende hajui. Madereva hawajui. Alisema alitazama uso wangu akahesabu mpaka kumi. Alijua mimi najua, kwa sababu ni yeye aliyenitia vidole kwenye oili. Akasema alipofika kumi aliacha kuhesabu.

Nikamwambia habari ya Mombasa. Mkono wa kuosha. Nikamwambia habari ya mume wangu. Nilitaka asikie kwamba nilikuwa na sababu.

Alifikiri. Alisema ya Mombasa anaikumbuka. Alimwambia marehemu vile kwa sababu alijua nikipata cheti nitaondoka, na hakuwa na mtu mwingine anayesikia injini. Ya mume wangu haikumbuki kabisa. Akasema kama aliisema, basi aliisema.

Hakuomba msamaha. Mimi pia sikuomba. Nilikuwa nimepanga kuomba, nilikuwa na maneno tayari tangu Voi. Hayakutoka.

Aliniambia nisirudi hapo. Alisema kama nina la kusema, wanaopaswa kulisikia wako yadini.

Kikombe cha maji kilikuwa bado chini. Sikukinywa. Nilikumbuka nikiwa barabarani.

Jumatatu, 5 Mei

Nimesema.

Saa mbili, wote wamekusanyika kupewa safari. Sikungoja nifikirie. Nilileta dipstiki nne bila kupangusa, nikaziweka juu ya kile kitambaa. Nyeusi zote. Nikamwambia Mwende hizi ndizo rangi zake kila siku, na malori matatu kati ya haya hayana ubaya wowote. Nikaleta mkebe nikaonyesha jinsi nilivyochovya. Nikasema Mzee Mwakio alibadilisha ile oili Jumatatu ya tarehe tatu. Mimi nilishika faneli. Nilijua, nikanyamaza.

Ili waamini, nilibadilisha oili ya lori la pili hapo hapo. Mwende aliona nikimwaga, aliona nikijaza, aliona ya rangi ya asali. Nikamwambia dereva alizungushe mpaka Mwatate na kurudi. Tulilingoja tumesimama kwenye jua. Liliporudi Mwende alichomoa mwenyewe, akapangusa kwa tishu. Ilikuwa imeshaanza kuiva. Si asali tena. Kahawia ya giza.

Alikunja tishu akaitia mfukoni.

Ofisini hakunipigia kelele. Aliniambia nimemfanya amvue nguo mzee wa watu mbele ya umati. Akasema kunifukuza angetaka sana. Lakini malori matatu yanapaswa kutembea, na Voi nzima hana fundi mwingine wa dizeli wa kumpata wiki hii. Kwa hiyo nitabaki. Akasema nisidhani hiyo ni huruma.

La harufu sikulisema. Nilisema vijiti, nilisema oili, nilisema Mzee. Nilipofika kwenye jioni ile ulimi ulikataa. Walidhani sikuangalia tu. Nikawaacha wadhani.

Ijumaa, 16 Mei

Mwende alikwenda Marungu wiki iliyopita na gari lake dogo. Dereva aliyemsindikiza amenisimulia. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya Mzee Mwakio na mkewe, na nguo zake za ofisi. Akamwomba arudi kazini. Mzee alimwinua, akamshukuru kwa kuja mbali hivyo, akamwambia uongo huu ukanushwe kanisani pale pale uliposemewa. Mwende akarudi Jumapili akaukanusha kanisani, amesimama mbele.

Kazini Mzee hakurudi. Alisema ua bado haujaisha.

Jumanne, 20 Mei

Madereva hawaniiti fundi. Hawaniiti Mghoi. Wanasema wewe. Nikifunga boli, wanakuja nyuma yangu na spana kuijaribu kama imekaza. Kila boli.

Mmoja amechora kijiti cheupe kwenye mlango wa stoo kwa chaki. Nimekiacha.

Jumamosi, 31 Mei

Mwandoe ametoka hospitali. Mwende amempa kazi ya geti. Kiti kivulini, redio ndogo. Alifika kwa magongo, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti. Madereva walimshangilia. Alizunguka yadi nzima akisalimu mtu mmoja mmoja. Alinisalimu na mimi. Aliniuliza kama mama yangu kule Wundanyi hajambo.

Alijua kila nilichosema tarehe tano. Wenzake walimpelekea habari wodini siku hiyo hiyo. Amenisalimu tu kama alivyokuwa akinisalimu.

Afadhali madereva.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi yenye mawingu, baridi kidogo. Malori mawili yameondoka. La tatu halijarudi.

Raba ya gongo moja la Mwandoe imelika, linateleza kwenye saruji. Niliona jana akishika ukuta. Leo nilikata kipande cha tairi kuukuu, nikakitoboa, nikakifunga kwa boli fupi na washa mbili, zile pete za chuma. Nilimpelekea getini. Alisimama akalijaribu. Alikwenda mpaka kwenye mti wa mwarobaini, akageuka, akarudi. Alikanyaga kwa nguvu mara mbili.

Akasema limekaza.

Nilikuwa naondoka aliponiita. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaangalia ile raba. Aliniuliza kama ile jioni, kabla hawajapanda na saruji, niliangalia lori lao.

Nikasema niliangalia.

Akaniuliza kama niliona kitu.

Nikasema nilisikia harufu ya dizeli kwenye oili. Nikasema nilijua maana yake.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia ambayo tayari anaijua. Lori la tatu lilikuwa limefika, linapiga honi nje. Akachukua magongo yake, akaenda kulifungulia geti.